Chuma Mwilini: Historia ya Swali Lililofika Mulago

Wandegeya iko bondeni kati ya vilima viwili, Makerere na Mulago. Makerere ndiko tunakosoma, na Mulago ndiko iliko hospitali kuu ya taifa. Katika insha hii nafuatilia historia ya swali moja la kisayansi lililoanzia Ulaya, likapita Pemba, kisha likafika katika kilima hicho cha pili: mwili hujuaje kiasi cha chuma unachohitaji? Nimelichagua kwa sababu upungufu wa damu unatugusa sote, na ushauri wa mtaani ni uleule siku zote: "Ongeza damu." Hoja yangu ni kwamba historia inatutaka tuulize pia ni lini damu hiyo iongezwe.

Tuanze na lugha yetu. Kiswahili kina neno la zamani, safura, lenye asili ya Kiarabu, linalotaja ugonjwa wa minyoo wanaong'ang'ania utumbo na kunyonya damu. Mgonjwa hupauka, huchoka na hupumua kwa shida. Kabla ya maabara, wasemaji wa lugha hii walikuwa wamekwisha kuitambua hali hiyo na kuipa jina. Leo tunajua kwamba damu inapotoka, chuma hutoka nayo.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini, na takriban theluthi mbili zimo katika himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Kila siku uboho wa mifupa huhitaji miligramu 20 hivi au zaidi ili kutengeneza chembe mpya. Hata hivyo, chakula hutoa miligramu 1 au 2 tu. Kiasi kilichobaki hutoka katika chembe zilizozeeka, ambazo huvunjwa katika bandama na ini ili chuma chake kitumike tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kikimwagika, kukijaza upya huchukua miezi.

Mwaka 1937 watafiti wawili wa Uingereza, Robert McCance na Elsie Widdowson, walichapisha utafiti uliobadilisha fikra za madaktari. Wengi waliamini kwamba chuma kikizidi, mwili hukitoa kama unavyotoa chumvi. McCance na Widdowson waligundua kwamba hata chuma kilichodungwa moja kwa moja katika mshipa hakikutoka, isipokuwa kidogo sana. Walihitimisha kwamba mwili hauna njia ya kukitoa chuma kwa hiari. Udhibiti wote uko mlangoni, katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Katika miaka hiyo hiyo vyombo vya safari ya chuma vilianza kutambuliwa. Mwaka huo wa 1937 Vilém Laufberger alipata feritini, ghala la chuma, katika bandama ya farasi. Miaka kumi baadaye wataalamu wa Sweden waliipa jina transferini, protini inayokibeba chuma katika damu. Kufikia 1972 iliwezekana kupima feritini katika tone la damu na kukisia ghala lina akiba kiasi gani. Lakini kipimo hicho kina kasoro: mtu akiwa na homa au maambukizi, feritini hupanda hata kama ghala ni tupu. Katika nchi yenye malaria, hilo si jambo dogo.

McCance mwenyewe alikuja huku kwetu. Alipostaafu Cambridge mwaka 1966, aliongoza kwa miaka miwili kitengo cha Waingereza cha utafiti wa utapiamlo wa watoto hapa Kampala. Kitengo hicho kilijulikana zaidi kwa kazi yake kuhusu kwashiakori, wala sidai kwamba alikuja kwa ajili ya chuma. Hata hivyo, mtu aliyeonyesha umuhimu wa mlango alifanya kazi katika mji ambao baadaye ungeuchunguza mlango huohuo.

Mlinzi wa mlango alijulikana mwanzoni mwa karne hii. Ni hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini. Chuma kikitosha, au maambukizi yakiingia, hepsidini hupanda na mlango hufungwa. Kwa kufanya hivyo mwili huwanyima vijidudu chuma wanachokihitaji ili kuzaana.

Gharama ya kutomjua mlinzi huyu ilionekana Pemba. Huko watoto wadogo zaidi ya 20,000 walishiriki utafiti wa vidonge vya chuma, asidi ya foliki na zinki. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliopungukiwa chuma walinufaika. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Kisha swali likafika Mulago. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watoto wenye malaria na upungufu wa chuma waligawanywa: wengine walianza chuma papo hapo pamoja na dawa ya malaria, wengine baada ya siku 28. Watafiti walitumia aina za chuma zisizo na mnururisho ili kufuatilia kiasi kilichoingia katika chembe za damu. Waliosubiri waliingiza sehemu kubwa zaidi, karibu mara mbili, na baada ya siku 56 himoglobini ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Waliosubiri hawakupoteza kitu.

Kwetu Wandegeya, somo hili lina upande wa kila siku pia. Kikomando, yaani chapati na maharagwe, kina chuma, lakini chai ya rangi inayonywewa papo hapo hukizuia kisiingie, ilhali chungwa hukisaidia. Hapa pia wakati una uzito.

Nahitimisha kama mwanafunzi wa lugha. Msemo "kuongeza damu" unaufanya mwili uonekane kama mtungi unaosubiri kujazwa, ilhali historia hii inatuonyesha nyumba yenye mlango mmoja na bawabu macho. Tukiandika vipeperushi vya afya kwa Kiswahili, mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa anastahili kusoma waziwazi kwamba malaria hutibiwa kwanza, na kwamba mhudumu wa afya akimwambia asubiri kabla ya kuanza chuma, hajanyimwa dawa.