Kutoka Kewanja hadi Shirati, njia ya saratani

Ukitoka Kewanja, kijiji cha Nyamongo kilichopakana na mgodi wa dhahabu, ukapita Tarime na Utegi hadi Shirati kando ya Ziwa Victoria, unakatiza nchi ambayo zamani ilikuwa wilaya moja: Mara Kaskazini. Leo ni Tarime na Rorya. Jina la kale limebaki kwenye mgodi na katika majarida ya saratani, na wengi wanalijua kwa dhahabu tu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walizunguka kwa gari kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe ule wa saratani umeonekana huko. Ramani yao ikaangukia palepale penye malaria. Shirati, hospitali ya Wamenonaiti, ikawa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa Mara Kaskazini walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria, ili ijulikane kama saratani ingepungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge kufika, kisha vimelea vya malaria vikaongezeka tena. Hoja haikufungika.

Mwaka huohuo wa 1982 maabara zilionyesha kinachotokea ndani ya seli za ugonjwa huo. Kipande cha kromosomu ya 8 huhama, na protini iitwayo MYC, inayohimiza seli kugawanyika, hufanya kazi bila kupumzika. Hicho ni kichocheo. Breki zilitafutwa kwingine, na titi ndilo lililozionyesha waziwazi.

Si ajabu. Titi hukua wakati wa balehe, hukua tena wakati wa mimba, kisha husinyaa mtoto anapoachishwa ziwa. Kiungo cha namna hiyo hakiwezi kuishi bila kitu cha kukizuia. Mwaka 1987, watafiti wa Marekani Gary Silberstein na Charles Daniel waliweka vidonge vinavyotoa protini ya TGF-beta polepole ndani ya matiti ya panya. Vifereji vya maziwa vilivyokuwa vikichipua vikasimama. Protini ilipokwisha, vikaendelea kukua. Kwangu mimi, hilo ni jaribio zuri kuliko mengi yenye kelele: mwili wenyewe hutengeneza kinachosema basi.

BRCA1, protini ambayo mtafiti Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17, ina kazi nyingine: husaidia kurekebisha DNA iliyokatika. Mwanamke aliyerithi jeni hiyo ikiwa na kasoro yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya titi.

Lakini asije mtu akakuuzia chupa ya protini hizo. TGF-beta hiyohiyo, saratani ikishakomaa, huisaidia kusambaa. Titi likiota uvimbe, hata usiouma, mama wa Kewanja asingoje mavuno wala ushauri wa jirani. Aanzie hospitali ya Tarime, aombe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako saratani hutibiwa kwa upasuaji, dawa na mionzi, na aende uvimbe ukiwa bado mdogo.