Mimba ya Pacha na Kasoro za Kuzaliwa: Mambo ya Kujua kwa Mama wa Pemba

Pacha hutokeaje?
Yai moja lililorutubishwa likigawanyika, huzaliwa pacha wanaofanana. Mayai mawili yakirutubishwa pamoja, huzaliwa wasiofanana. Wanaofanana hutokea kwa kiasi kinachokaribiana duniani kote, takriban uzazi 4 katika kila 1,000. Wasiofanana hutegemea zaidi ukoo wa mama, umri wake na mara alizozaa. Ndiyo maana Wayoruba wa Nigeria wanajulikana kwa kuzaa pacha wengi. Kula ndizi zilizoshikana hakuleti pacha.

Je, pacha huzaliwa na kasoro zaidi?
Pacha wengi huzaliwa wazima. Hata hivyo, uwezekano wa kasoro ni mkubwa kidogo kuliko kwa mtoto mmoja, hasa kwa wanaofanana. Jambo linalowapata pacha wengi zaidi ni kuzaliwa njiti: zaidi ya nusu huzaliwa kabla ya wiki 37.

Ufanye nini ukiwa mjamzito?
- Anza kliniki mapema, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na uulize kuhusu kipimo cha picha (ultrasaundi).
- Meza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi hawajajijua kuwa wana mimba.
- Usitumie dawa yoyote, ya duka au ya mitishamba, bila kumuuliza mhudumu wa afya.
- Pacha wasizaliwe nyumbani. Panga kujifungulia hospitali yenye upasuaji, kama Abdalla Mzee, Mkoani. Ukiishi Kojani, Fundo au Makoongwe, usingoje uchungu ndipo utafute chombo. Zungumza na mumeo na wazee mapema kuhusu nauli na mtu wa kukusindikiza.

Mtoto akizaliwa na kasoro
Si laana, si jini, wala si kosa lako. Usimfiche ndani.

*Mgongo wazi:* mlaze kifudifudi, funika kidonda kwa kitambaa safi, usipake kitu chochote, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Upasuaji wa mgongo wazi na kichwa kikubwa hufanywa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Uliza kuhusu rufaa.

*Nyayo zilizopinda:* hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki. Matibabu yakianza katika wiki za mwanzo, watoto wengi hutembea vizuri.

*Mdomo sungura:* hushonwa. Kabla ya hapo, mkamulie maziwa yako na umnyweshe kwa kikombe iwapo hawezi kunyonya.

Kama umewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwone daktari kabla ya kubeba mimba nyingine. Utahitaji foliki asidi ya kipimo kikubwa zaidi.