Mawe meupe kwenye tangi la samaki: weupe si usafi

Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya hapa Pwani ukakuta tangi la kioo sebuleni, na samaki wawili watatu wa rangi wakizunguka ndani. Kila anayeanza kufuga hutaka mawe, tena mawe meupe, kwa sababu samaki mwekundu au wa manjano hupendeza zaidi mbele ya jiwe jeupe. Mimi ni mfugaji wa samaki wa nyumbani, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hilo: mawe hung'arishwaje? Jibu langu huanza na onyo. Weupe si usafi. Jiwe laweza kuwa jeupe kama chumvi na bado likaua samaki wote kwa usiku mmoja.

Jiwe la kuchagua

Jiwe letu la Pwani kwa sehemu kubwa ni la matumbawe ya kale. Ndilo lililojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na ndilo wanalochonga mafundi kwenye matimbo hadi leo. Hili la nchi kavu ndilo ninalolipendekeza. Limekaa nje ya bahari maelfu ya miaka, halina kiumbe cha baharini kinachooza ndani yake, na kwa asili yake ni jeupe au la rangi ya maziwa. Vipande vinavyobaki timboni vinatosha kabisa kwa tangi la nyumbani.

Tumbawe la baharini liache liliko. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite ni marufuku kuondoa tumbawe au hata kombe. Na nje ya hifadhi, kipande unachodhani kimekufa ni nyumba ya kaa, pweza na vitoto vya samaki. Isitoshe, tumbawe hai lina rangi. Likipauka likawa jeupe, linaumwa. Mwaka 1998 joto la maji lilipopanda, matumbawe mengi ya mwambao huu yalipauka kisha yakafa. Weupe wa namna hiyo si wa kutamani sebuleni.

Ukishapata jiwe, lijaribu kwa siki. Dondosha matone machache mahali pakavu. Likitoa povu, lina chokaa ya asili, nalo litayafanya maji yawe magumu na kupandisha pH polepole. Kwa samaki wa Ziwa Malawi, wanaopenda pH ya takriban 7.8 hadi 8.6, hilo ni jema. Gapi nao huvumilia vizuri. Lakini neoni tetra, ambao asili yao ni maji laini ya Amazon, hawalifai jiwe hili. Kwao tafuta jiwe lisilotoa povu. Jiwe lenye michirizi ya kutu au linalometameta kama chuma liache kabisa, kwani madini yake yaweza kuyeyuka majini.

Kulisafisha

Sugua jiwe kwa brashi ngumu na maji matupu. Usitumie sabuni ya aina yoyote. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, sabuni hujificha humo, na ikitoka ndani ya tangi huunguza mashavu ya samaki, ambayo ndiyo anayopumulia. Toa mchanga na uchafu wa vitunduni kwa kijiti au msumari, kisha lilaze jiwe kwenye ndoo ya maji kwa wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku. Nusa kila unapobadilisha. Maji yakinuka uvundo, ndani mna kitu kinachooza, na kinachooza hutoa amonia, sumu inayoua samaki upesi. Endelea kuloweka hadi harufu iishe.

Usichemshe wala usichome jiwe ili kuua vijidudu. Maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke, na jiwe laweza kupasuka kama bomu. Kwa mawe yaliyotoka baharini au kwenye tangi la maji chumvi kuna hatari nyingine: aina fulani za matumbawe laini zina sumu kali iitwayo palitoksini, ambayo hupanda na mvuke. Mwaka 2018 watu wa familia moja katika kijiji cha Steventon, Uingereza, walipelekwa hospitali baada ya matumbawe ya tangi lao kusafishwa nyumbani.

Kulifanya jeupe

Dawa ya kwanza ni jua, na Pwani hatulipungukiwi. Jiwe lililosuguliwa, likianikwa juani wiki mbili na kugeuzwa geuza, hupauka lenyewe na mwani uliokauka hupukutika.

Likibaki na madoa ya kijani, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Paka kwenye doa, subiri povu litulie, kisha suuza. Dawa hii huishia kuwa maji na oksijeni, kwa hiyo haiachi sumu nyuma.

Jik ni ya mwisho. Chukua isiyo na manukato wala sabuni, changanya kipimo kimoja na maji vipimo tisa kwenye ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Fanya kazi uani penye upepo, ukivaa glavu, na watoto wawe mbali. Loweka jiwe saa 24. Kisha suuza, liloweke kwenye maji safi siku kadhaa ukiyabadilisha, ukitia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Malizia kwa kulianika hadi likauke kabisa. Likinuka Jik hata kidogo, halijawa tayari. Na ujue kwamba Jik hung'oa rangi ya mwani na uchafu tu. Jiwe la kijivu kwa asili halitakuwa jeupe hata ulilaze mwezi.

Mambo matatu usiyafanye. La kwanza, usichanganye Jik na siki wala asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndani ya bafu dogo yaweza kuua mtu. Ukisikia koo linawasha na macho yanachoma, toka nje mara moja na utafute hospitali. La pili, usitumie ile asidi ya mafundi ya kusafishia vigae. Hulila jiwe la matumbawe na kuliacha limechakaa. La tatu, usipake chokaa ya ukuta wala rangi. Chokaa ya ukuta ina pH ya karibu 12, na hakuna samaki wa nyumbani anayeweza kuistahimili.

Kulirudisha tangini

Kama tangi lako lina samaki tayari, usitoe mawe yote kwa pamoja. Juu ya mawe hayo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Ukiwaua wote siku moja, tangi litang'aa na samaki watakufa. Safisha robo ya mawe, ngoja wiki tatu, kisha chukua robo nyingine.

Jiwe jipya lililoko tayari liache kwanza kwenye ndoo ya maji kwa siku saba, upime pH mwanzo na mwisho. Ikiwa haikupanda kupita kiwango cha samaki wako, litie.

Mwisho, jiwe litarudi kuwa la kijani. Ndiyo kawaida ya maji na mwanga. Liweke tangi mbali na dirisha, washa taa saa nane tu kwa siku, na upunguze chakula. Mimi husugua mawe kidogo kila ninapobadilisha maji, na utando mwembamba wa kijani unaobaki siusumbui. Samaki huudonoa mchana kutwa, na kwao hiyo ndiyo dalili kwamba jiwe sasa ni salama.