Artikle 15 kwenye mizani ya njiti: historia ya kujitafutia Ituri

Mnunuzi mdogo wa dhahabu katika vituo vya biashara vya Djugu, mkoani Ituri, Kongo, haanzi kazi kwa mashine. Ana mizani ya mkono yenye visahani viwili, karatasi ya kukunjia na kiberiti. Mchimbaji akishamimina unga wake kwenye kisahani kimoja, mnunuzi huweka njiti kwenye kile kingine, moja baada ya nyingine, hadi mizani itulie. Dhahabu ikizidi uzito wa njiti, zinaingia sarafu kuukuu. Ikizidi hapo, watu huhesabu kwa tola, kipimo kilichotoka India, chenye gramu 11.66 hivi. Hakuna serikali iliyowahi kutangaza kwamba njiti ya kiberiti ni jiwe la mizani. Watu walikubaliana, biashara ikaenda.

Iga Barrière imo ndani ya ulimwengu huo, kilomita 25 hivi kaskazini ya Bunia, kwenye barabara ya taifa namba 27. Maisha ya hapa yanaendeshwa na ustadi wa kutunga njia papo hapo, ambao Wakongo wameupa jina la kisheria: Artikle 15. Jina hilo lilizaliwa mbali na Ituri. Agosti 1960 Albert Kalonji alitangaza Kasai Kusini kuwa nchi ya peke yake, makao yake Bakwanga, leo Mbuji-Mayi. Waluba waliokimbia ghasia za Kasai walimiminika huko, njaa ikawakuta huko huko. Simulizi ya mitaani inasema walipoomba msaada waliambiwa wajitafutie wenyewe, na kwamba agizo hilo ndilo kifungu cha 15 cha katiba. Kifungu hicho ni utunzi wa watu. Kwangu mimi ni utunzi mkali kuliko hotuba nyingi za wanasiasa wa wakati ule, kwa sababu unaihukumu serikali kwa lugha yake yenyewe.

Chini ya Mobutu kifungu hicho kikaenea nchi nzima. Novemba 1973 biashara na mashamba ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa wakubwa, uchumi ukaporomoka, na mshahara wa mwalimu ukawa haufiki mwisho wa mwezi. Katika miaka ya 1980 Pépé Kallé aliimba Artikle 15 pamoja na kazi ya kuvunja mawe, na mji mzima wa Kinshasa ukajiona ndani ya wimbo. Ituri hawakuhitaji kufasiriwa, maana huku kuvunja mawe ndiyo kazi yenyewe.

Dhahabu ya eneo hili iliingia kwenye vitabu vya wakoloni mwaka 1903. Mahali paitwapo Kilo kukawa na mgodi wa serikali ya mkoloni, baadaye na Moto, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Wanaume walipelekwa migodini kwa nguvu, na Mwafrika aliyekutwa na dhahabu mfukoni alihesabiwa mwizi. Baada ya uhuru shirika likawa mali ya taifa, lakini mwenyeji aliendelea kuchimba kwa kujificha. Novemba 1982 ndipo sheria iliporuhusu raia kuchimba kwa mikono. Hazina ilikuwa tupu, na dola ikafungua mlango ambao watu walikwisha kuupita usiku kwa miaka mingi.

Anayetazama shimo kwa mbali huona vurugu. Asogee. Mwenye shimo, anayeitwa PDG kama mkurugenzi wa kampuni, hutoa chakula na zana. Wachimbaji hutoa nguvu. Mchanga ukitoka hugawanywa kwa mafungu yaliyojulikana tangu siku ya kwanza. Maji yakijaa, mbao zikikosekana, kila mtu hubuni lake, lakini mgao haubuniwi upya. Uhuru wa mkono umesimama juu ya ahadi.

Wanamuziki wanalijua jambo hili. Katika sebene, pale wimbo wa rumba unapoachia gitaa nafasi, mpiga solo hutembea anakotaka kwa sababu gitaa la kusindikiza halihami. Waigizaji wanalijua pia. Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili miaka na miaka, redioni na kwenye televisheni, bila mchezo ulioandikwa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumpa maelezo, wakamtungia mchezo mzima. Walipanga nani anaingia lini na ugomvi unaishia wapi. Maneno kila mmoja aliyatafuta mwenyewe, wakabishana katika mazoezi, kisha wakaucheza mbele ya wanakijiji wa Kawama. Kitabu cha Fabian kuhusu kazi hiyo, kilichotoka 1990, kinaonyesha jinsi mpango ule ulivyowabeba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba Mkongo huzoea kila kitu. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 vilivunja kile hasa ambacho ubunifu unakihitaji, yaani jirani ambaye neno lake linashika. Mkulima, mfugaji, mchuuzi na mchimbaji waliokuwa wakikutana sokoni wakaanza kuogopana kwa kabila. Tangu Desemba 2017 Djugu imeungua tena, na hata hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021, iliyowapa wanajeshi utawala wa mkoa, haikuzima moto huo. Barabara ikifungwa kwa mashambulizi, anayeuza unga wa chakula kwa kikombe hana pa kuutoa. Familia inayolala chini ya turubai inatumia akili kila saa, lakini inaitumia ili ifike kesho tu.

Na sheria bado haijaamua imtendeje mchimbaji wa mikono. Kanuni ya madini ya 2002 inataka achimbe katika eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo. Marekebisho ya 2018 yanataka awe mwanachama wa ushirika uliosajiliwa. Yote mawili ni mazuri pale maeneo yanapotengwa kweli, mahali penye dhahabu na penye usalama. Asipotengewa, mchimbaji wa Djugu anabaki nje ya sheria kama babu yake wa mwaka 1926, huku dhahabu yake ikivuka mpaka na kupata karatasi safi mikononi mwa wengine.