Malipo ya kupunguzwa kazini (Kitui na Makueni)

Malipo ya kupunguzwa kazini ni fedha anazostahili mfanyakazi ambaye nafasi yake imeondolewa. Katika Kaunti za Kitui na Makueni, kama kwingineko Kenya, yanasimamiwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, kisha alipe ujira wa angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa mfano, mshonaji wa Syongila, Kitui, aliyetimiza miaka 4 kiwandani kabla ya kupunguzwa hustahili ujira wa siku 60. Naye aliyefutwa kazi isivyo haki ana miezi 3 ya kumlalamikia mwajiri kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kwenda mahakamani. Miaka hiyo 3 ikipita, mahakama hukataa madai.