Matombo: Parokia Yetu na Kitabu Chake



Kurasa hizi kila mwaka hubeba orodha ya michango. Safari hii tumeona tuanze na historia, kwa sababu kabla umoja wetu haujawa na daftari lolote, kwetu palikuwa na daftari jingine: kitabu cha ubatizo cha parokia.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka pwani wakaingia bara: Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1897 wakafika Matombo, penye yale mawe mawili ambayo wazee waliyafananisha na matiti ya mama, ndipo nchi yetu ikapata jina. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Kwa hiyo miaka kumi ya mwanzo mizigo iliyotoka pwani ilipanda milima vichwani mwa watu. Majina ya mapadre yamehifadhiwa. Wapagazi, mafundi na akina mama waliochota maji, wengi wao hatuwajui hata kwa jina.

Mwaka 1916 vita vya wakubwa vilipita mlangoni kwetu. Waingereza waliingia Morogoro mwezi Agosti, na majeshi yakashuka upande wa mashariki wa Uluguru kuelekea Kisaki. Vita vikaisha, watu wakarudi mashambani, misheni ikabaki. Mwaka 1953 likaundwa Jimbo la Morogoro, na mwaka 1966 likapata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Adriani Mkoba.

Katikati ya miaka hiyo lipo jambo ambalo umoja wa maendeleo kama wetu haupaswi kulisahau. Serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka, ikaamuru watu wakate matuta ya ngazi mashambani. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na wengi waliogopa kwamba ardhi ya koo zao inachukuliwa. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka hapahapa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa.

Hatusemi misheni haikuwa na amri zake. Wazee waliosoma huko wanakumbuka jembe na fimbo. Lakini matuta yaliachwa na kanisa likaendelea, kwa kuwa watu walilifanya lao. Leo asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, kuku au kibaba cha pilipili manga, vinanadiwa baada ya misa, na fedha inaingia kwenye hesabu. Jumuiya ndogondogo zinajua nani anaumwa na nani hajafika. Msiba ukitokea hakuna anayeuliza dini: Waislamu na Wakristo wa kwetu ni watoto wa tumbo moja, wanachimba kaburi pamoja na kula pamoja.

Turudi kwenye kitabu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi hufuata ukoo huo. Kitabu cha ubatizo huandika baba na mama, kwa hiyo pande zote mbili zimo. Tena hakifungwi mtu akihama. Aliyebatizwa Matombo akitaka kufunga ndoa kanisani Dar es Salaam, lazima apate cheti kutoka parokia ya ubatizo, na baada ya harusi taarifa inapaswa kurudi huko iandikwe mbele ya jina lake. Sisi tunaoshika hesabu kwa kazi tunauelewa utaratibu huu: unaweza kufanya muamala popote, lakini akaunti iko nyumbani.

Tatizo ni watoto wetu. Wanabatizwa mjini, wanasoma mjini, na Matombo wanaijua kwa misiba tu. Maji wanayokunywa Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, unaokusanya maji ya milima hii, lakini wengi wao hawajawahi kuviona vijito vyake. Tusipoangalia, mistari ya familia zetu kitabuni itaishia kwetu.

Ndiyo maana tunaomba mambo mawili. La kwanza ni mchango wako, kwa kiwango chochote, nasi tutautolea hesabu senti kwa senti. La pili ni zito zaidi: njoo likizo hii na watoto, kabla hakujawa na msiba wa kukuleta. Uwasikilize walioko nyumbani wanataka nini kianze kujengwa. Mwaka 1955 ulitufundisha kwamba mradi ambao mwenye shamba hakuulizwa haudumu, hata ukiwa na nia njema. Hatutaki umoja wetu uwape wazazi wetu matuta mengine.

Karibuni nyumbani.