Ukuta Unaopumua: Historia ya Chokaa Kisiwani Kwetu

Mnajua wenyewe, Ramadhani ikikaribia kila nyumba hapa Mafia inaanza pilikapilika. Mapazia yanafuliwa, vyombo vinashushwa kabatini, na aliyejaliwa anatengeneza ukuta. Mwaka juzi sisi mabinti wa nyumba tuliamua kumfurahisha mama. Nyumba aliyoacha marehemu babu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu ya chumba cha mbele ilikuwa imeanza kumeguka. Tukachanga pesa zetu za cherehani, tukanunua saruji, ukapigwa lipu mpya, ngumu na laini kama meza. Mama akatuombea dua.

Masika ya kwanza tu, ukuta ukatoka jasho. Rangi ikavimba, chumvi nyeupe ikachomoza, na hata Mfungo Tatu haijaingia, vipande vikaanza kudondoka. Tukamwita mzee mmoja aliyejenga nyumba nyingi za zamani. Baada ya kupokea shikamoo zetu akagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Wanangu, huu ukuta mmeuziba pumzi."

Neno hilo lilitukaa. Ukuta una pumzi gani? Tukaanza kuuliza na kusoma, na tulichokipata ni historia ya kisiwa chetu chenyewe.

Tuanze na jiwe. Tumbawe limejengwa na vijidudu vidogo vya baharini, na sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye ganda la yai na la chaza. Wazee walipanga magogo kwa duara, wakarundika mawe juu yake, wakawasha moto. Hiyo ndiyo tanuu ya chokaa. Joto likifika kama nyuzi 900, jiwe linaachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kilo 44 zimepanda hewani, wala hukuziona zikiondoka.

Kinachobaki ni chokaa kali. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila jiko, inatoa mvuke, na kugeuka unga au uji mweupe. Hapo si mahali pa mtoto kuchezea, maana ikiingia jichoni inaunguza. Uji ule ukichanganywa na mchanga ndio uliounganisha mawe ya kuta zetu.

Sasa sikilizeni ajabu yenyewe. Chokaa ikishapakwa ukutani haikauki tu kama nguo kwenye kamba. Polepole inavuta ile hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe lile lile la mwanzo. Ndiyo maana ukipaka chokaa leo unaona kama umepaka maji, kesho yake ukuta umekuwa mweupe pee. Na ndiyo maana wazee hulowesha ukuta kabla ya kupaka, na wengine hutia chumvi kidogo: chumvi hushika unyevu, na bila unyevu chokaa haiwezi kuvuta hewa vizuri. Ile inayokuachia alama nyeupe kwenye baibui kila ukiegemea, mara nyingi imepakwa nene mno au imekaushwa haraka na jua.

Aliyeieleza hesabu hii kitaalamu ni Joseph Black wa Scotland, kwenye maandishi yake ya mwaka 1756. Alionyesha kwamba jiwe la chokaa lina hewa iliyofungwa ndani, na kwamba hewa hiyo hiyo imo kwenye pumzi zetu. Unaweza kuliona jambo hili jikoni kwako. Koroga chokaa kidogo ya tambuu kwenye maji, acha itulie, kisha mimina maji ya juu yaliyo maangavu kwenye glasi. Puliza taratibu kwa mrija, wala usivute. Maji yatakuwa meupe kama tui. Hicho ni jiwe, limetokana na pumzi yako.

Lakini kabla Black hajazaliwa, watu wa pwani yetu walikuwa wameshaitumia kazi hiyo kwa mamia ya miaka. Majirani zetu Kilwa waliujenga Msikiti Mkuu kwa matumbawe na chokaa, na katika karne ya 14 ukaongezwa kwa kuba na matao ambayo mengine yamesimama hadi leo. Kwetu, vukeni kutoka Utende hadi kisiwa cha Juani, mwende Kua. Kuna misikiti, makaburi na nyumba ya watawala, sasa zimezungukwa na mibuyu. Mtaona vyumba ni vyembamba. Sababu yake ni boriti za mikoko: urefu wa boriti ndio uliokuwa upana wa chumba.

Kua haikuangushwa na mvua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walivamia kwa mitumbwi, wakaua na kuteka watu, na mji haukuinuka tena. Mji mkubwa ukawa Chole, chini ya utawala wa Waomani wa Zanzibar, na kuanzia 1890 Wajerumani wakaweka boma lao hapo hapo, kabla makao ya utawala hayajahamia Kilindoni. Wote hao, mwenyeji na mgeni, walijenga kwa jiwe letu na chokaa yetu. Tukisimama Kua tunajiuliza ni mama gani alipaka ukuta ule kabla ya Ramadhani ya mwisho, asijue.

Sasa tuje kwenye ukuta wetu. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo sana. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita na kutoka nje. Saruji ni nzito, inaufungia ndani. Maji yanatafuta njia, yanabeba chumvi, na lipu inabanduka. Sisi mafundi cherehani tungepaswa kulijua hili mapema. Nani anamshonea mteja gauni la nailoni lisilopitisha hewa avae Mafia mwezi wa Januari? Tulimvika ukuta nailoni. Hata wanaohifadhi majengo ya kale hurudi kwenye chokaa kwa sababu hiyo hiyo.

Basi tukamwambia mzee, tutafutie chokaa ya matumbawe kama ya babu. Akatutazama.

"Na samaki mtakula wapi?"

Tulinyamaza. Tumbawe kubwa la duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe la kujaza kikapu linaweza kuwa na umri wa bibi yetu, na tanuu moja inakula mengi, pamoja na kuni zake. Miamba hiyo ndiyo nyumba ya samaki na ndiyo inayovunja mawimbi yasitufikie. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi ya Mafia kuwa meupe na kufa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1995, na kuvunja matumbawe kwa ajili ya chokaa ni moja ya mambo iliyokuja kuzuia. Wapo waliokuwa wakiishi kwa tanuu, na kwao haikuwa jambo jepesi. Hatuwezi kujifanya hatulijui hilo.

Mwisho tuliagiza chokaa ya mifuko kutoka bara, inayochomwa kwa mawe ya nchi kavu. Kemia yake ni ile ile. Tukabandua saruji yote, wiki mbili za vumbi, tukapiga lipu ya chokaa na mchanga, tukailowesha asubuhi na jioni kama mche. Ilitugharimu mara mbili, kwa ujuaji wetu.

Masika haya ukuta umekaa mkavu. Mama anauegemea akisoma, na alama nyeupe haimgusi. Alhamdulillah. Shoga yangu mwenye nyumba ya mawe, kabla hujanunua mfuko wa saruji, mwite mzee wa mtaani kwako kwanza.